Kiti Kisicho na Kura

Yamumbi, Eldoret
3 Februari 2025

Tryphosa mdogo wangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu najua uko hai na unanikwepa. Nimekupigia simu tangu Ijumaa. Nimepiga hata ofisini, mwanamke mmoja akaniambia, "Mheshimiwa Spika yuko kwa kikao," na nyuma yake nikasikia mtu anakohoa. Hicho kikohozi nakijua. Nimekulea nacho. Kwa hivyo naandika, na barua anakuletea jirani yangu Nyakio, ambaye huja huko Malovi kila Alhamisi kuuza viatu sokoni. Huyo hutamwambia uko kwa kikao. Atakaa hapo mpaka umjibu.

Ijumaa nilikuwa kliniki, nikimwosha mama mmoja aliyejifungua alfajiri. Redio ilikuwa inaongea pale dirishani. Nikasikia jina la mume wangu. Emmanuel Mabonga, Waziri wa Afya wa Kaunti ya Malovi, anatakiwa aondolewe kazini. Nikasema labda ni Mabonga mwingine. Halafu mtangazaji akasema, "Spika Tryphosa Mideva ameikubali hoja hiyo na kuagiza iwekwe kwa ratiba ya Bunge." Beseni likaniponyoka, maji yakamwagika mpaka kwa mlango. Yule mama, na uchungu wake wote, ndiye aliyenishika mkono kuniuliza kama niko sawa.

Wewe, Tryphosa? Kama ni mtu mwingine ningeelewa. Siasa ni siasa. Lakini wewe? Umesahau nani alikubebea godoro kichwani siku uliyoingia chuo kule Kesses, wanafunzi wakicheka, na yeye anacheka nao? Ni Emmanuel huyo huyo. Ni yeye aliyezungukia wafadhili mpaka nikapata mashine tatu za joto za watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Kliniki ndogo namna hii, hapa Yamumbi, na tunaokoa watoto ambao zamani wangefia njiani wakikimbizwa mjini. Sasa wanasema watoto wamekufa kwa hospitali ya kaunti kwa sababu yake. Yeye hata sindano hajui kuishika!

Wewe ndiye mkubwa wa hilo bunge. Ukiingia wanasimama. Ukisema kaeni, wanakaa. Sema neno moja tu, hii hoja ife, tuendelee kuishi.

Dada yako,
Linah


Ofisi ya Spika, Malovi
6 Februari 2025

Dada Linah,

Nyakio amekataa chai mpaka anione nimeshika kalamu. Kikohozi kilikuwa changu. Nisamehe kwa hilo. Tangu hoja iletwe nimeamua kutopokea simu ya mtu yeyote anayetaka kuizungumzia, na nilijua wewe utataka.

Ni kweli nikiingia wanasimama. Hawanisimamii mimi binti ya kibarua wa Moi's Bridge. Wanasimamia Bunge lao, na mimi ndiye niliyeajiriwa kulilinda. Watu wengi wanadhani yule aliyekaa juu ndiye bosi. Dada, mimi sina kura. Mwakilishi wa wadi ndogo kuliko zote ana kura, mimi sina. Nikiwa kwenye kile kiti siruhusiwi hata kusema kama hoja nimeipenda au nimeichukia. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mmoja wao anasikika, mwenye nguvu asimfunge mdomo mnyonge, kanuni zifuatwe, halafu nitangaze walichoamua wao, hata kama kinanikata maini. Hoja ilikuja na sahihi za kutosha na sababu zake zimeandikwa. Kanuni inasema ikifika hivyo iwekwe kwa ratiba. Haikuandikwa "isipokuwa kama ni shemeji".

Na sikuficha. Siku ya kwanza niliwaambia, huyu ni mume wa dada yangu aliyenilea. Mkitaka niondoke kitini kwa jambo hili, nitaondoka. Aliyesimama ni Mheshimiwa Jerop, yule yule aliyeleta hoja. Akasema, "Tunajua, Mheshimiwa Spika. Kaa hapo. Tunakuamini." Wote wakapiga meza. Sijawahi kuheshimiwa namna ile maishani mwangu, na sijawahi kuogopa namna ile.

Kuna lingine. Jumamosi Emmanuel alikuja nyumbani kwangu na wazee wawili wa kanisa. Alisema wewe ndiye uliyemtuma. Alisema kama sitaiua hoja, umeapa nisikanyage tena Yamumbi. Kama ni kweli niandikie kwa mkono wako.

Mdogo wako,
Tryphosa


Yamumbi
9 Februari 2025

Tryphosa,

Mimi sijamtuma mtu. Na Jumamosi Emmanuel alikuwa Turbo kwa mazishi ya binamu yake. Alirudi jioni na matope kwa viatu, nikavisafisha mwenyewe. Sasa umefika mahali pa kumsingizia mtu safari ili uonekane unaonewa?

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta dada yangu ndani yake. Nimepata kanuni tu. Eti mtumishi! Mama alipokufa ulikuwa mdogo wa kulala kifuani kwangu, na mimi ndiye niliyeacha shule nikaenda kupalilia mahindi ya watu ili wewe usome. Nilikutumikia bila kuuliza kanuni inasema nini. Leo unatumikia nani? Jerop? Watu ambao baada ya uchaguzi hata jina lako hawatakumbuka?

Emmanuel amekonda. Hakuna mtu anakuja kwetu siku hizi. Kanisani leo tulikaa benchi peke yetu, watu wakabanana lile la nyuma.

Nimesikia ripoti ya kamati iliyomchunguza Emmanuel inasomwa Alhamisi ya tarehe ishirini. Nitakuja. Nitakaa pale juu kwa wananchi, mahali utaniona vizuri, utangaze hayo mambo yako ukiniangalia machoni.

Linah


Malovi
12 Februari 2025

Dada,

Emmanuel alikuja. Sitabishana nawe juu ya hilo.

Ripoti ya kamati imefika mezani kwangu. Mpaka isomwe mbele ya wajumbe, ni mali ya Bunge, si yangu, kwa hivyo sitakuambia hata neno moja lililo ndani. Mlango wa wananchi uko wazi kwa kila mtu na wewe ni mwananchi. Kama Spika siwezi kukuzuia.

Kama mtoto uliyemlea nakuomba: Alhamisi usije.

T.


Yamumbi
21 Februari 2025

Tryphosa,

Sijui nianzie wapi.

Ulipoandika nisije, nilisema umeona haya. Nikamwambia Nyakio, "Anaogopa macho yangu." Kwa hivyo nikaja nimevaa ile suti yangu ya bluu ya harusi ya binti yangu Betty, nimejipaka mafuta, nikakaa mstari wa mbele. Uliingia, watu wakasimama. Mimi sikusimama. Nyakio akanivuta mkono nikakataa. Sijui kama uliona.

Mbele yangu kidogo alikaa msichana mwembamba na leso kichwani. Mwenyekiti wa kamati, yule mzee mpole, alipoanza kusoma majina ya kina mama waliopoteza watoto kwa wodi ya wachanga ya hospitali ya kaunti, akasoma Rosebella, na huyo msichana akainua mkono kama mtoto wa shule anayeitwa. Hakuna mtu alikuwa amemwuliza kitu. Aliinua tu mkono, akaushusha.

Halafu akasoma juu ya mashine. Kwamba kaunti ilinunua mashine tatu za joto. Zina rangi ya samawati na kifuniko cha kioo. Zilifika Agosti. Hazikufika wodini hata siku moja. Mara ya mwisho zilionekana zikipakiwa kwa pikapu na kufunikwa turubali, na mpaka leo kamati haijui ziko wapi.

Tryphosa, mimi najua ziko wapi. Ni mimi niliyefungua lile turubali. Nilipiga vigelegele! Nilimwita mchungaji aziombee.

Nyakio aliniuliza kama nataka maji, nikamwona anaongea lakini sikusikia. Nilimtazama yule Rosebella kisogoni mpaka kikao kikaisha. Sikumsemesha. Ningemwambia nini?

Leo asubuhi nimemngoja Emmanuel akae mezani. Nikamwuliza, "Baba Betty, zile mashine zilitoka wapi?"

"Si nilikwambia? Wafadhili."

"Wafadhili gani?"

Akapaka siagi kwa mkate, polepole, mpaka kona zote. "Linah, kwani watoto wa Yamumbi si watoto?"

"Nimeuliza zilitoka wapi."

"Zilikuwa zitakaa stoo," akasema. "Pale hospitali hakuna mtu alikuwa amefundishwa kuzitumia. Zingeota kutu. Wewe unajua kuzitumia. Hebu niambie ukweli wa Mungu, tangu zije umeokoa watoto wangapi?"

Nikawahesabu kichwani. Ni wengi.

"Basi," akasema.

"Na hao wa huko?"

"Hao ni Mungu anajua." Akaomba sukari. Na mimi, Tryphosa, nikampa. Mkono wangu ukaenda wenyewe ukachukua sukari ukampa. Hilo ndilo linanishtua kuliko yote. Halafu nikamwuliza kama kweli alikuja kwako ile Jumamosi. Akasema ndiyo, kwani kuna ubaya gani kumtembelea shemeji. Alisema hivyo kama mtu anayekuambia amenunua maziwa.

Saa hii nikiandika kuna mtoto wa Wacera, yule wa duka la pembeni, ndani ya mashine moja. Ni kama panya, kifua kinapanda na kushuka. Nikiichomoa atakufa. Nikiiacha, inafanya kazi na mimi naiangalia nikijua ni ya nani.

Nataka unijibu jambo moja. Ulijua? Ulijua ziko kwangu, ukaniacha nikae pale na suti yangu?

Linah


Malovi
23 Februari 2025

Dada Linah,

Nilijua mashine zimepotea. Sikujua ziko wapi. Lakini nilikuwa kwako Krismasi, nikaziona, ukanionyesha kwa furaha. Kwa hivyo niliposoma ripoti, nilifika kwenye yale maneno ya rangi ya samawati nikafunga faili. Nikaenda dirishani, nikajiambia kuna mashine nyingi za rangi hiyo duniani. Hiyo ndiyo sababu niliandika usije. Kama nilikosea kushuku, ningekuwa nimekutukana bure. Kama sikukosea, sikutaka ujue ukiwa mbele ya watu.

Nimelia kwa ajili yako leo kuliko nilivyolia siku ya mazishi ya Mama. Lakini lazima nikuambie jambo ambalo halitakupendeza. Uliniandikia kama dada, na nimeisoma kama dada, lakini sasa kuna kitu ninachojua ambacho Bunge linakitafuta. Siwezi kukaa juu yao nikiwasikiliza wakiulizana mashine ziko wapi, na jibu liko kwa mkoba wangu. Nitakuwa nimewaibia, kama yeye.

Sikuamrishi kitu. Ukitaka kusema mwenyewe, mwandikie Karani wa Bunge. Yeye ndiye hupokea barua za mashahidi, mimi siruhusiwi kukupokelea. Usipomwandikia kabla ya Jumanne, nitasimama niwaambie wajumbe kwamba nina habari inayohusu jambo hili, niondoke kitini, waamue wao.

Mtoto wa Wacera asitolewe mpaka awe salama. Hilo halina mjadala wa mtu yeyote.

Tryphosa


Yamumbi
5 Machi 2025

Tryphosa mdogo wangu,

Tangu jana siwezi kula. Nifafanulie nilichofanya, kwa maana bado sikielewi.

Nilinyamaza wiki nzima kwa sababu ya mtoto. Nilijiambia, mtoto atoke kwanza. Na nilijua wewe umeshawaambia, si uliandika Jumanne? Nikasema mzigo mmoja tayari umebebwa. Alhamisi mtoto akatimiza uzani, Wacera akamfunga kwa blanketi akaenda naye nyumbani. Siku iliyofuata nikamwandikia Karani. Emmanuel aliposikia, alifungasha nguo zake bila kugombana, akaniambia, "Umejimaliza wewe mwenyewe," akaondoka. Sijui amelala wapi tangu siku hiyo. Jumatatu watu wa kamati wakaja na lori kuchukua mashine. Nilizifuta vumbi kabla hawajazibeba.

Jana nilipoingia ukumbini ulinitazama kama mtu usiyemjua. "Shahidi aape," ukasema. "Shahidi aketi." Moyo uliniuma, halafu nikaelewa kwamba hapo ndipo ulikuwa unanilinda. Yule mheshimiwa wa upande wa pili akapiga kelele, "Huyu ni mke wa mwizi, atatuambia nini!" Sijawahi kukusikia na sauti ile.

"Mheshimiwa, ondoa maneno hayo."

"Mheshimiwa Spika, mimi nasema tu—"

"Shahidi huyu yuko hapa kwa mwaliko wa Bunge lako. Ondoa maneno hayo ama utoke nje."

Akayaondoa. Mimi nikaongea yote. Nikaeleza juu ya turubali na mchungaji, mpaka ile sukari. Nilimwona Rosebella pale juu, akinisikiliza na mdomo umefungwa kabisa.

Nilidhani nimemaliza. Ndipo Jerop akasimama, kwa adabu, akaniuliza, "Mama Linah, kabla ya kumwandikia Karani, kuna mtu mwingine ulimwambia?"

Tryphosa, nilikuwa nimeapa. Na nilidhani wanajua! Nikasema, "Ndiyo. Nilimwandikia mdogo wangu."

"Mdogo wako ni nani?"

Nikainua macho pale ulipokaa. Sikuhitaji kutaja jina.

"Lini?"

"Ijumaa, siku moja baada ya ile ripoti kusomwa."

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti. Nikakuona umesimama wewe pia, ukasema, "Ni kweli," ukamwita naibu wako akae, ukashuka zile ngazi, ukapita karibu yangu mpaka nguo yako ikanigusa. Wakaendelea bila wewe. Wakapiga kura, wakamwondoa Emmanuel kazini, sikusikia hata ni kura ngapi.

Kwani ulikuwa hujawaambia? Kwa nini hukuwaambia? Na kwa nini hukunionya?

Dada yako,
Linah


Malovi
12 Machi 2025

Dada yangu,

Usijilaumu hata kidogo. Uliulizwa ukiwa chini ya kiapo ukajibu ukweli. Kama ungedanganya ili kuniokoa, nisingeweza kukutazama tena.

Jumanne ile niliingia ukumbini na taarifa yangu imeandikwa, nimeikunja mkononi. Nilitaka kuisoma baada ya sala. Nikaanza kuwaza. Nikaona askari wakiingia kliniki yako, wakizichomoa zile mashine, na yule mtoto ndani. Nikaona wewe umefungwa pingu mbele ya majirani. Nikasema, acha nimpe dada yangu siku moja aseme mwenyewe. Nikaita shughuli inayofuata. Jumatano nikasema kesho. Alhamisi nikasema wiki ijayo. Karani aliponionyesha barua yako mwishoni mwa wiki, nilipumua, nikafikiri mambo yamejitengeneza, hakuna atakayeuliza. Dada, mimi niliyekuhubiria kanuni kurasa mbili! Wiki ile sikuwa mtumishi wao. Nilikuwa wako.

Ningeweza kuwaambia juu ya mtoto, na wangeelewa. Ni watu, wana watoto. Wangempeleka daktari kwako hata usiku uleule. Sikuwapa nafasi ya kuwa watu. Niliamua peke yangu, kama yule Emmanuel alivyoamua peke yake watoto gani wapate mashine.

Jana Karani aliingia ofisini bila kubisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaweka karatasi mezani akabaki amesimama, mzee wa watu, machozi yakimlenga. Ilikuwa hoja ya kumwondoa Spika. Mwenye hoja ni Jerop. Nilisoma jina hilo nikahisi kama mtu amenipiga kofi. Jerop huyu nimemlinda mara ngapi wakubwa walipotaka asipewe nafasi ya kusema! Nilikuwa nangoja hoja itoke kwa rafiki za Emmanuel. Kumbe wao wamenyamaza.

Nilimwita. Alikuja, akakaa, akakunja mikono.

"Jerop, ni wewe?"

"Ni mimi, Mheshimiwa Spika."

"Ungeweza kuwaachia wengine."

"Wengine wangefanya kwa kisasi," akasema. "Mimi ndiye niliyesema kaa hapo, tunakuamini. Mimi ndiye ninadaiwa na Bunge kuuliza iliendaje." "Ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba hicho kiti si chako."

Alipotoka niliihesabu ile hoja kama ninavyohesabu nyingine zote. Sahihi zinatosha. Sababu zimeandikwa. Nikamwambia Karani aiweke kwa ratiba. Akaniuliza, "Una hakika, Mheshimiwa?" Nikamwambia kanuni haisemi isipokuwa kama ni mimi.

Ni Jumanne ijayo. Usije. Safari hii nakuomba kwa sababu nitaona haya.

Tryphosa


Yamumbi
19 Machi 2025

Tryphosa,

Sikuja, nilikutii. Nilisikiliza redio kwa duka la Nyakio, tumefunga mlango. Waliposema theluthi mbili ya kura za kukuondoa imepatikana na imezidi, Nyakio alirusha kiatu ukutani. Mimi nilikaa tu. Nilikuwa nangoja mtangazaji aseme amekosea, kama nilivyongoja siku ile ya kwanza.

Wakacheza sauti yako. Wajumbe walikuwa wameongea kwa saa nzima, wewe ukapewa nafasi ukasema, "Nililitumikia Bunge hili kwa moyo wangu wote isipokuwa wiki moja, na ni katika wiki hiyo mlinihitaji. Sina la kuongeza."

Niliwahi kukuandikia kwamba sipati dada yangu ndani ya barua zako. Leo nakuandikia nikiwa na haya. Dada yangu alikuwa pale wakati wote, na kile kidogo alichovunja alikivunja kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimemtupia matusi kwa ajili ya mtu aliyekuwa ananidanganya akila mkate wangu.

Habari za huku. Emmanuel ameshtakiwa, kesi inaanza mwezi ujao, na nimeitwa kuwa shahidi. Kliniki imefungwa mpaka uchunguzi uishe. Kina mama bado wanakuja langoni, nawaelekeza mjini. Betty amekasirika na mimi, amesema nimemwuza baba yake. Hilo nalibeba. Sijui kama litapona.

Njoo nyumbani. Nimetandika chumba cha nyuma. Hakuna mtu atakayekusimamia ukiingia, labda mimi.

Linah


Malovi
27 Machi 2025

Dada Linah,

Nitakuja Jumamosi. Vitu vyangu havijai hata pikapu. Kumbe karibu kila kitu kilikuwa cha ofisi.

Nilitaka kuondoka mapema, lakini leo walikuwa wanamchagua Spika mpya, na miguu ilinipeleka. Sikupitia mlango wa wajumbe. Nilipanga foleni na wananchi. Askari wa mlangoni ni mgeni, kijana wa kazi mpya, hakunijua. Akaniambia, "Mama, zima simu, na huko ndani hakuna kupiga makofi." Nikamwambia asante, ni vizuri anavyosema hivyo. Nikakaa nyuma kabisa.

Sijawahi kuuona ukumbi kutoka huko juu. Kile kiti ni kidogo, Dada. Miaka yote nilidhani ni kikubwa.

Walimchagua mwanamume mmoja mwanasheria, simjui sana. Jerop alimpigia kura mtu mwingine, mtu wake akashindwa, na Jerop akawa wa kwanza kumpa mshindi mkono. Halafu yule mpya akajisahau. Badala ya kungoja waseme, akaanza kuwaambia atafanya nini na Bunge lake. Bunge lake! Nilishtuka nikakaribia kusimama kusema "Utaratibu!" Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mama aliyekaa kando yangu akanitazama vibaya. Nikaufunga.

Ni Jerop aliyeinuka. "Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika. Ni Bunge letu." Wakacheka, na yeye mpya akacheka, akasahihisha. Nikajua wataendelea bila mimi. Imeniuma na imenipa raha, vyote kwa pamoja, sijui unaelewa.

Alipoapa, yule askari kijana akapita kati yetu akinong'ona, "Simameni, simameni, Spika anaingia kitini." Watu wakainuka mmoja mmoja.

Nami nikasimama.

Mdogo wako,
Tryphosa